Siku Moja na Wanyama wa Bahari: Wewe na Mwenzio, Kutoka Tanga Mjini hadi Maziwe

Wengi wetu tumeziona kwenye simu zile bustani za wanyama wa bahari za Marekani: pomboo anaruka bwawani, nyangumi muuaji anapunga pezi, wapenzi wamekaa kwenye ngazi za uwanja na aiskrimu mkononi. Ile ya SeaWorld kule San Diego ilifunguliwa mwaka 1964. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kuzalisha nyangumi wauaji kwenye mabwawa yake, baada ya kelele za miaka. Kwetu bustani ya namna hiyo haipo, na mimi siioni kama hasara. Mtu wa Tanga mwenye mwenza na siku moja ya mapumziko anaweza kuona pomboo, pweza, matumbawe, na akibahatika kasa, wakiwa kwao. Sharti ni moja: ratiba ya maonyesho anaipanga mwezi. Ukiipatia tarehe, mengine yatajipanga yenyewe. Ukiikosea, utalipia boti kwenda kutazama maji matupu.

Mwongozo huu unakupeleka Maziwe, fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, kama kilomita 8 kutoka pwani ya Pangani. Eneo hilo lilitengwa kisheria mwaka 1975. Wakati ule lilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa walipanda pale kutaga kwa wingi. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikawa kinazama kila maji yakijaa. Leo Maziwe huonekana kwa saa kadhaa tu, kisha hupotea. Ndiyo maana tunaanza na tarehe.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kalenda ya mwezi

Chukua kalenda ya Kiislamu, ile ya ukutani inayotolewa na maduka. Tafuta tarehe 2 hadi 4, au 16 hadi 18. Hizo ni siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na kujaa sana. Ukanda wetu tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua huzidi mita 3, urefu wa nyumba ndogo.

Sasa jambo ambalo wageni hawalijui na wavuvi hawahitaji kuambiwa: pwani hii, bamvua hukupwa asubuhi. Siku mwezi unapoandama, na siku ukiwa mpevu, maji hufika chini kabisa kwenye saa nne hivi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu baada ya hapo, kupwa kunaangukia kati ya saa tano na nusu na saa sita na nusu. Hiyo ndiyo saa mnayoitaka. Mnatoka pwani asubuhi maji yakiwa yanashuka, mnafika fungu likiwa limeshachomoza, mnakaa, mnaogelea, na mnaondoka kabla halijamezwa.

Siku za maji mafu, yaani tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kukupwa jioni, na tena hayakupwi sana. Mkondo ni mpole, jambo zuri kwa kuogelea, lakini mchanga mtakaoupata ni mdogo na saa zake hazifai kwa watu wanaorudi mjini siku hiyo hiyo.

Jumamosi ikigongana na maji mafu, ahirisheni. Najua ruhusa kazini ni ngumu kupata, lakini bahari haina ubinadamu wa kumhurumia aliyeomba ruhusa.

Hatua ya 2: Angalia upepo

Kuna kaskazi, takriban Desemba hadi Machi. Maji huwa safi, jua kali, na asubuhi bahari mara nyingi imetulia. Kuna kusi, Aprili hadi Septemba, ambayo katikati yake, Juni na Julai, huvuma kwa nguvu na kuchafua maji. Na kuna kile kipindi cha tangambili, upepo ukiwa haujaamua uende wapi, mwezi Oktoba na Novemba na tena karibu na Machi. Kwa wapenzi wawili ambao mmoja wao hajawahi kupanda boti, tangambili ya Oktoba ndiyo bora kuliko zote, pamoja na kwamba vuli inaweza kuwamwagia maji kidogo.

Wakati wa masika, na wiki chache baada yake, Mto Pangani huleta maji ya kahawia mpaka mbali baharini. Mtavaa miwani ya kuzamia muone tope. Acheni.

Kero iliyopo ni kwamba nyangumi wenye nundu, wanaotoka bahari ya baridi ya kusini mwa dunia kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, hupita kati ya Julai na Oktoba, yaani kusi ikiwa bado na ubishi. Anayewataka hao hasa, alenge mwisho wa Septemba au Oktoba, na akubali kutikiswa.

Hatua ya 3: Tafuta nahodha, si boti

Boti zote za faiba zinafanana zikiwa zimeegeshwa. Tofauti iko kwa anayeziendesha. Pangani mjini mtapata boti za kukodi ufukweni na kupitia nyumba za wageni. Ushongo, kusini mwa mto, hoteli za ufukweni zina boti zao au zinajua wenye nazo. Piga simu siku mbili tatu kabla, au tuma mwenyeji aulizie. Ukikutana naye, mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Wawili tu, mimi na mke wangu. Tunataka Maziwe Jumamosi. Maji yatakupwa saa ngapi?"

Hapo nyamaza umsikilize. Wewe jibu unalo tayari kutoka Hatua ya 1. Nahodha wa kweli atakutajia saa bila kutazama popote, na pengine atakusahihisha kwa robo saa. Anayesema "nyie njooni tu, tutaona hapo hapo", mshukuru, muagane vizuri, utafute mwingine.

Kisha uliza, bila haya: kuna jaketi okozi kwa kila mtu, na zinafungika? Lione kwa macho na ulivute kamba, maana kuna majaketi yaliyokwisha sponji ndani, yamebaki kitambaa. Injini ikizima, kuna nini cha pili, injini nyingine, tanga au makasia? Kuna kopo la kutolea maji? Simu ya nahodha inahifadhiwa wapi isilowe? Mafuta ni ya kwenda na kurudi pamoja na akiba?

Bei mpatane kwa boti nzima na kwa saa, na mseme wazi kama miwani ya kuzamia imo ndani. Wawili peke yao mtalipa sawa na watu sita, kwa sababu mafuta ni yale yale. Kama mfuko haujatuna, tafuteni wapenzi wengine wawili mkachangie. Faragha itapungua, lakini boti ya wazi yenye nahodha na msaidizi wake haikuwa na faragha tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Lipeni kiingilio cha hifadhi

Maziwe iko chini ya taasisi ya serikali ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na kuna ada ya kuingia. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya NIDA. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu au benki. Kila mmoja apate risiti. Msimpe mtu noti mkononi akawaambia atawalipia baadaye.

Maji ya Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga nayo ni hifadhi, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki mmoja, silikanti. Wataalamu waliamini ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka Desemba 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Kwetu, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, wavuvi wa Kigombe na Mwarongo wakawa wanawatoa kwenye majarife, mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wake hukaribia mita 2. Hamtamwona. Anaishi kwenye vina vya giza ambako ninyi na mrija wenu wa kupumulia hamfiki. Lakini mkiwa njiani, inafaa kujua kwamba chini ya ukanda huu yupo.

Hatua ya 5: Mavazi na mizigo

Hapa ndipo wapenzi wengi hugombana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pwani ya Pangani ni ya watu wa stara. Gatini na mitaani, mwanamke na ajifunge khanga au avae dera, na mwanamume asitembee kifua wazi. Mkifika Maziwe mpo peke yenu, lakini hata kule nashauri suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu kwa wote wawili. Sababu ni jua. Mtu anayeelea kifudifudi hasikii joto, maji yanampoza, na anarudi nyumbani mgongo umebabuka asiweze kulala. Nguo pia huwaepusha na mafuta ya kujikinga na jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Pakeni usoni na nyuma ya shingo tu.

Kwa anayevaa hijabu: mpira wa miwani ukikaa juu ya kitambaa, maji yataingia. Vaa kofia ya kuogelea inayobana, au kitambaa chembamba kilichorudishwa nyuma ya paji la uso, ili mpira uguse ngozi pande zote. Kwa mwenye masharubu: paka mafuta mazito ya mgando juu ya mdomo, vinginevyo utakunywa chumvi siku nzima. Bwana harusi mtarajiwa aliyekataa kunyoa asisingizie miwani.

Viatu ni lazima, vya mpira, vinavyofungwa. Kandambili huchomoka.

Chakula pakieni kikavu: chapati, katlesi, mihogo ya kukaanga, mayai, machungwa ya Muheza yaliyomenywa. Samaki wa kupaka aachwe nyumbani, rojo na boti havipatani. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, kwa kuwa Maziwe hakuna kivuli, hakuna kisima, hakuna hata mti wa kufungia kamba. Kwa hiyo mwavuli mkubwa ni mali. Na chupa moja ya chai ijazeni maji ya moto matupu. Kazi yake mtaiona kwenye Hatua ya 8.

Anayechafukwa na roho kwenye basi atachafukwa zaidi kwenye boti. Anywe dawa ya kichefuchefu kutoka duka la dawa kabla ya kuondoka, ale kidogo, akae nyuma karibu na nahodha ambako boti hairuki sana, na atazame ufuo, asitazame simu.

Hatua ya 6: Asubuhi ya safari

Ondokeni Tanga saa kumi na mbili. Pangani ni kama kilomita 50. Daladala zipo, lakini kwa safari ya saa maalumu ni afadhali gari la kukodi au la rafiki. Anayeshukia Ushongo avuke mto kwa kivuko kwenda Bweni na ahesabu muda wa kusubiri. Mimi hupendelea kuanzia Pangani mjini, ingawa kuna jambo la kujiandaa nalo: mlango wa mto. Maji yakiwa yanakupwa, mto unatoka na mawimbi ya bahari yanaingia, vinakutana pale, na mawimbi husimama ghafla kama yamepigwa breki. Ni dakika chache. Kaeni chini, shikeni ubao, jaketi limefungwa. Nahodha akipunguza mwendo msimwambie aongeze.

Hatua ya 7: Pomboo wakitokea

Kwanza mtaona pezi, kisha mgongo unaobingirika, kisha labda kumi kwa pamoja. Bahati hiyo hainunuliki, na nahodha atakayewaahidi pomboo anawauzia upepo.

Wakitokea, mwambieni apunguze mwendo na atembee sambamba nao, ubavuni. Asiwakatie mbele, asiwaingilie katikati, na mama mwenye mtoto aachwe kabisa. Mara nyingi wakiona boti haiwabughudhi hujisogeza wenyewe na kucheza na wimbi la mbele ya boti. Hapo injini ibaki na mwendo ule ule. Msirukie majini kuwafuata. Hamtawafikia, na wao wataondoka. Dakika kumi zinatosha, kisha waacheni waendelee na yao.

Simu ya picha ishikwe na mmoja. Mwingine atazame. Mkishika wote wawili, mtarudi na video mbili za maji na hakuna aliyeona kitu.

Hatua ya 8: Maziwe

Mkishuka, msikimbilie majini. Tembeeni ukingoni mwa mchanga kwanza, hasa kwenye vidimbwi vilivyobaki kati ya miamba. Viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota na vinundu vyekundu, vimelala wazi. Mtazameni palepale chini ya maji. Kumtoa juu kwa ajili ya picha ni kumnyima pumzi. Kombe na kauri zibaki zilipo, maana nyingi bado zina mwenyewe ndani, au kaa amehamia.

Kumpata pweza kuna ujanja wake, na mama mmoja wa Kigombe aendaye pwani kila bamvua atakuonyesha bila kufumba. Usimtafute pweza, tafuta jaa lake. Yeye hula kaa na kombe nyumbani kwake, kisha hutupa magamba nje ya mlango. Ukiona shimo la kiasi cha ngumi kwenye jiwe, na mbele yake kuna vipande vya magamba ya kaa vimesafishwa vyeupe na mawe madogo yamepangwa kama kizingiti, chuchumaa, usiingize kidole. Subiri. Kwanza litatoka jicho, lililonyanyuka kama kitufe, rangi ya jiwe lile lile. Kisha ngozi inayolizunguka itageuka, kutoka kijivu kwenda wekundu wa tofali na vinundu kusimama, halafu kurudi kijivu, yote kabla hujamwita mwenzio. Ndani ya hifadhi hachukuliwi. Wa kula mtamkuta Pangani, wa nazi.

Sasa majini. Kama mmoja haogelei, na kwa wapenzi wengi ndivyo ilivyo, somo lianze kwenye maji ya kiunoni, jaketi likiwa limevaliwa. Tema mate ndani ya kioo cha miwani, sugua, suuza. Hapo hakitafanya ukungu. Vaa, uma mpira wa mrija kwa meno bila kuukaza, pumua kwa mdomo ukiwa umesimama na uso juu ya maji. Pumzi kumi. Kisha inama, uso ndani, miguu bado chini. Atashtuka, wote hushtuka, mwili unadai hupaswi kupumua huko. Mwacheni asimame, acheke, arudie. Anayeogelea amshike mkono, asimvute. Akishazoea, ainue miguu. Dakika ishirini za subira hapa ni bora kuliko kumsukuma kwenye kina halafu asitake kuiona bahari tena.

Nendeni na nahodha au msaidizi wake upande ambao mkondo utawarudisha kwenye boti. Bamvua ina mkondo wenye nguvu, na mtu anayetazama chini hajui kwamba anasafiri. Kila mara inueni vichwa muone boti iko wapi.

Mtakachokiona kinategemea siku, lakini pono karibu hawakosekani, wa kijani na buluu, wakikwangua matumbawe kwa midomo yao migumu. Mkitulia mtawasikia, kwa kuwa sauti ya kutafuna inasafiri vizuri majini. Sehemu ya mchanga mweupe mliokalia mwavuli imepita matumboni mwao: wanasaga matumbawe, wananyonya chakula, wanatoa mchanga. Usiku ndio wanalala ule usingizi wao maarufu. Mchana hawana muda. Chini ya mawe kuna mkunga akifungua na kufunga mdomo. Hatishi, anapumua tu, ila asichezewe.

Tafuteni pia vile visamaki vyeusi na vya rangi ya chungwa vyenye mikanda myeupe, vinavyoishi ndani ya mnyama anayefanana na ua la mikono laini inayowasha. Jike ndiye mkubwa wa nyumba. Akifa, dume lake hugeuka kuwa jike, na dume mdogo anayefuata hupanda cheo kuwa mume. Nawaachia hilo mlijadili kwenye boti.

Baadhi ya matumbawe yamekufa na kubaki mifupa ya kijivu. Mwaka 1998 joto la maji lilipanda katika Bahari ya Hindi na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Na ukanda wa Tanga ulipata pigo lake la ziada, baruti za wavuvi haramu, zilizovunja mwamba kwa miaka mingi. Yaliyopona na yanayoota upya msiyakanyage wala kuyashika. Kisigino kimoja kinavunja ukuaji wa miaka.

Kuhusu maumivu. Yule mnyama mweusi wa duara mwenye miiba mirefu ndiye anayechoma wengi. Miiba yake hukatikia ndani. Taa aliyejifukia mchangani naye huchoma akikanyagwa, hivyo kwenye maji machache burura miguu badala ya kuinyanyua, ataondoka mwenyewe. Akichomwa mtu, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, nusu saa na zaidi. Ndiyo ile chupa ya chai. Aliyechomwa hawezi kupima joto vizuri kwa mguu huo, kwa hiyo anayepima ni mwenzake, kwa mkono. Konyeza, yule mnyama laini kama jeli anayewasha, akigusa ngozi, suuza kwa maji ya bahari, si ya kunywa. Maumivu yasipopungua, au pumzi ikibana, safari imeisha, mnarudi hospitali.

Hatua ya 9: Ondokeni kabla hamjataka

Maji yakianza kurudi, saa ya kwanza utadhani hayatembei. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja kwa kishindo. Kama yalikupwa saa tano na nusu, saa nane muwe mnapakia. Fungu litakuwa limeshapungua nusu na mwavuli wenu utakuwa unaonekana mkubwa kuliko kisiwa. Okoteni kila kitu, hata maganda ya machungwa na ya mayai. Mkikuta kipande cha wavu kimenasa, mpeni nahodha akibebe. Wavu uliotupwa unaendelea kuvua peke yake, na kasa huzama ndani yake kwa kukosa hewa.

Hatua ya 10: Kasa, kama siku imewapa

Kasa kwa kuwa hutaga mahali maji hayakai, na Maziwe sasa inazama, watunzaji huhamisha mayai kutoka pale na kuyafukia ufukwe wa Ushongo, juu ya mstari wa maji. Kiota huwa na mayai mia moja au zaidi, na huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua: wa moto hutoa majike, wa baridi kidogo madume. Kwa kuwa tarehe ya kufukia inaandikwa, tarehe ya kuanguliwa inajulikana kwa makadirio. Kwa hiyo mnapompigia nahodha simu mwanzoni, ulizeni pia kama kuna kiota kinachokaribia. Kikiwepo, badilisheni safari yenu iishie Ushongo jioni, hata kama itabidi mlale.

Mkifika, simameni nyuma ya mstari mtakaoonyeshwa, na si kati ya kiota na maji. Msiwabebe watoto wa kasa kuwapeleka majini kwa huruma. Wanahitaji kutambaa wenyewe. Taa ya simu izimwe, kwani huwapoteza, wao hufuata mwanga wa bahari. Na mtu akiwanong'oneza njiani kwamba kuna nyama ya kasa, kataeni. Kumvua ni kosa kisheria, na nyama yake imewahi kuua watu Pwani hii ya Afrika Mashariki kwa sumu.

Hatua ya 11: Siku ikiharibika

Nahodha akisema bahari haiendeki, msibishane naye, hata kama juu kuna jua na nyinyi mmeshavaa. Yeye anaona kitu kwenye rangi ya maji mbali ambacho nyinyi hamkioni. Rudini taratibu kwa barabara ile ile. Kigombe, maji yakiwa yamekupwa, mtaona watu wakirudi kutoka mwambani na vijiti na ndoo, na mkisalimia vizuri mtaonyeshwa kilichomo. Tongoni, kama kilomita 17 kabla ya kufika Tanga, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani ya Waswahili, kimya na upepo, pazuri kwa zile katlesi. Anayetaka samaki bila boti afike mnadani Deep Sea, Tanga mjini, asubuhi vyombo vinapoingia: changu, tasi, mkundaji, taa, papa wadogo, wote wamepangwa sakafuni na dalali anapiga kelele. Vaeni viatu vya kufunika, na msisimame njiani mwa wapagazi.

Kama mlitanguliza amana ya boti, msiidai papo hapo. Mwambieni nahodha aihamishie bamvua inayofuata, wiki mbili mbele. Wengi hukubali, na safari hiyo ya pili mara nyingi atawaongezea saa.